Historia fupi ya ukoko: kutoka majivu ya bibi hadi stiliwaya



Mwisho wa muhula umefika, bumu limekata, na hosteli gumzo ni moja tu: sufuria zilizoungua. Watu wanabandika maharage huku wanasoma, wakija kukumbuka, mboga ishakuwa mkaa. Halafu hapo kila mtu anageuka kuwa mganga. Huyu anasema weka magadi. Yule anasema ndimu. Mwingine chumvi na siki. Na kuna jamaa wa ghorofa ya pili anaapa kwamba soda nyeusi ya dukani ndiyo kiboko ya ukoko (usicheke, ina asidi kweli, kwa hiyo hajakosea sana).

Mimi mnanijua, ni mtu wa Ualimu, masomo yangu Historia na Kiswahili. Kemia niliiaga kidato cha nne na hatukuliliana. Lakini ubishi huu ulinipa swali la kihistoria kabisa: hizi dawa za ukoko zilianzia wapi, na kwa nini dawa inayotibu sufuria ya huyu inaiharibu ya yule? Nikaingia maktaba, nikachimba. Jibu kwa kifupi ni kwamba kila chombo cha kupikia kilikuja na namna yake ya kuoshwa, na kila kilipobadilika chombo, mikono inayoosha ilipewa kazi mpya. Na mikono hiyo wote tunajua ni ya nani. Twende taratibu.

ENZI ZA CHUNGU

Kabla ya sufuria kulikuwa na chungu. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana, unanyonya mafuta na chumvi, kwa hiyo chungu hakitaki kusuguliwa kama unasugua sakafu. Kikishika ukoko kinalowekwa, kinachemshwa maji, kisha kinakwanguliwa polepole kwa kifuu cha nazi au kijiti. Kwa nje kinaachwa na masizi yake, cheusi ti, na hakuna mtu anayeona aibu. Hili la nje naomba mlishike, nitalirudia.

Vifaa vilikuwa vya bure: majivu ya jikoni, mchanga, dodoki, na majani ya msasa. Hapo kwenye msasa nisimame kidogo kwa faida ya wana Kiswahili wenzangu. Msasa ni mti, jamii ya mkuyu, majani yake yana ukwaruzo mkali. Watu walisugulia vyombo na kulainishia mbao. Ile karatasi ya fundi seremala ilipoletwa na meli, ikapewa jina la mti uliokuwa ukifanya kazi hiyo hiyo tangu zamani. Kwa hiyo ukisikia mwalimu anasema "insha hii ipigwe msasa", anakutajia dawa ya ukoko bila kujua. Teh teh!

Sasa majivu. Wengi tunadhani majivu yanafanya kazi kwa sababu yanakwaruza tu. Kumbe nusu ya kazi ni ya kemikali. Majivu ya kuni yana kabonati ya potasiamu, na yakikutana na maji yanatoa maji makali yanayoshambulia mafuta. Mafuta yanavunjika, sehemu yake inageuka kuwa kitu cha jamii ya sabuni. Yaani bibi akichukua sufuria yenye mafuta yaliyogandia, akaweka majivu na maji, anatengeneza sabuni kidogo pale pale juu ya uchafu. Watu wa Mesopotamia waliandika kwenye vibao vya udongo, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, juu ya kuchanganya mafuta na maji ya majivu. Lakini maelezo kamili ya kinachotokea humo ndani yalisubiri hadi mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha kitabu chake juu ya mafuta mwaka 1823. Fanya hesabu mwenyewe hapo: kazi imefanyika miaka elfu nne, maelezo yana miaka mia mbili.

MAJIVU YANAPANDA CHEO

Hapa ndipo historia iliponinasa. Waarabu waliyaita majivu ya mimea fulani al-qali. Wazungu wakalichukua neno hilo, likawa alkali. Upande mwingine, watu wa Ulaya walikuwa wakichuja maji ya majivu na kuyachemsha ndani ya vyungu vya chuma hadi ubaki unga mweupe. Unga huo wakauita kwa lugha zao "majivu ya chungu", kwa Kiingereza potash. Mwaka 1807 Humphry Davy wa Uingereza akautumia umeme kutoa metali mpya kutoka kwenye potashi, akaiita potassium. Na ile herufi K mliyokuwa mnaikariri kwenye jedwali la elementi inatokana na jina kalium, mtoto wa al-qali. Kwa hiyo wanasayansi, mkiandika K kwenye mtihani, mnaandika majivu!

Biashara ya majivu ilikuwa kubwa kuliko tunavyofikiri. Hataza ya kwanza kabisa kutolewa na serikali ya Marekani, tarehe 31 Julai 1790, alipewa Samuel Hopkins kwa njia yake mpya ya kutengeneza potashi. Aliyeitia saini ni rais mwenyewe, George Washington. Hataza namba moja ya taifa kubwa lile ni ya majivu. Viwanda vya sabuni, vioo na nguo vyote vilikuwa vinayalilia majivu, na misitu ikawa inaisha.

Ufaransa wakatafuta njia ya kupata magadi bila kuchoma miti. Nicolas Leblanc akaipata: chumvi ya kawaida, asidi ya salfa, mawe ya chokaa na makaa ya mawe. Akapewa hataza mwaka 1791. Mapinduzi ya Ufaransa yakapita na kiwanda chake, kikataifishwa, zawadi iliyokuwa imeahidiwa kwa atakayegundua hakuipata, na mwaka 1806 akajiua akiwa masikini. Njia yake lakini ilienea Uingereza, ikachafua hewa kwa moshi wa asidi hadi Bunge likatunga sheria maalum mwaka 1863. Wakati huo Mbelgiji Ernest Solvay alishapata njia yake safi zaidi, mwaka 1861, na ndiyo iliyoshinda. Kule Marekani, John Dwight na Austin Church walianza biashara ya bikaboneti mwaka 1846, ile soda nyeupe tunayotia kwenye keki na ambayo leo kila mtu anakushauri uinyunyize kwenye sufuria iliyoungua.

Sisi je? Sisi tulikuwa na magadi yamelala chini, ya kuokota. Bonde la Ufa limejaa. Watu waliyachukua kwa mboga na kwa ugoro kabla hata kampuni haijafika. Mwaka 1911 ikaundwa Magadi Soda Company kwenye Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, na ikajengwa reli ya tawi kutoka Konza kuyabeba kwenda pwani. Mwaka 1924 ikaingia mikononi mwa Brunner Mond ya Uingereza, na tangu mwishoni mwa 2005 iko chini ya Tata ya India. Upande wetu wa mpaka, mpango wa kujenga kiwanda kama hicho Ziwa Natron ulizua mjadala mkali kati ya 2006 na 2008, kwa sababu ziwa hilo ndilo zalio kuu la flamingo wadogo wa Afrika Mashariki. Kijiko cha magadi unachokitupia kwenye maharage yaive haraka kina siasa nyuma yake, mdau.

SUFURIA ILIPOKUWA YA SHABA

Neno sufuria lenyewe lina historia. Limetoka kwenye Kiarabu, ukoo mmoja na sufr, yaani shaba ya njano. Sufuria ya asili ya pwani ilikuwa chombo cha shaba, mali ya wenye uwezo, cha kupikia shughuli. Shaba ikikaa inafifia na kupata kutu ya kijani, na kutu hiyo ni sumu ukiila. Dawa yake haikuwa majivu peke yake. Ilikuwa ndimu, au ukwaju, pamoja na chumvi. Asidi inayeyusha ile kutu, chumvi inakwaruza na kuisaidia asidi, shaba inarudi kama dhahabu. Na kwa ndani mafundi walipaka bati ili chakula kichachu kisigusane na shaba.

Kwa hiyo mpaka hapo tuna shule mbili: shule ya majivu na magadi, dawa ya mafuta na ukoko, na shule ya ndimu, dawa ya kutu na madoa ya metali. Ubishi wa hosteli ni shule hizo hizo mbili zinagombana. Kila mmoja yuko sahihi kwa chombo chake.

VIJANA WAWILI NA METALI NYEPESI

Halafu ikaja aluminiamu, ikavuruga kila kitu.

Aluminiamu ilikuwa metali ya anasa. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa ukumbusho wa Washington, kileleni waliweka kofia ya aluminiamu, maana ilikuwa kitu cha fahari. Miaka miwili tu baadaye, 1886, vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall Marekani na Paul Héroult Ufaransa, kila mmoja akagundua njia ya kuitoa kwa umeme kwa bei nafuu. Wote wawili walizaliwa mwaka 1863. Yaani walikuwa na umri wetu, miaka 22, 23! (Sisi umri huo tunagombania soketi ya kuchajia simu. Tuendelee.)

Bei ikaporomoka, aluminiamu ikashuka kutoka kileleni mwa mnara hadi jikoni. Lakini akina mama wa Marekani wakaona jambo: sufuria mpya zinapata weusi upesi, na sabuni ya kawaida haiondoi. Wauzaji waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakawa wanalalamikiwa. Hapo ndipo stiliwaya yenye sabuni ilipozaliwa. Brillo ilipata hataza mwaka 1913 New York, na mwaka 1917 Edwin Cox, mchuuzi wa sufuria za aluminiamu San Francisco, akatengeneza vipande vyake, mkewe akavibatiza S.O.S., kwa maana ya "okoa sufuria zetu". Kwa hiyo stiliwaya haikuja kwa sababu ya ukoko kwa ujumla. Ililetwa na aluminiamu.

Kwetu aluminiamu ilikuja nyepesi, haivunjiki kama chungu, inachemka haraka, ikalirithi hata jina la sufuria. Wanawake wengi waliifurahia, na walikuwa na haki. Lakini ilikuja na masharti mawili.

Sharti la kwanza ni la kemia. Aluminiamu inalindwa na utando mwembamba sana juu yake. Alkali inaula utando huo. Ndiyo maana ukichemsha maharage na magadi kwenye sufuria ya aluminiamu, ndani kunabaki rangi nyeusi au kijivu. Dawa ambayo kwa karne nyingi ilikuwa salama kwenye chungu, ikawa adui kwenye sufuria. Majivu ukisugua na kusuuza upesi yanang'arisha, maana yanakwangua. Ukiyaacha yalale humo na maji usiku kucha, unaamka na madoa. Na kila unaposugua unaondoa chembe ya metali. Ile sufuria ya nyumbani iliyokuwa nzito mkinunua, leo nyepesi kama karatasi na fundi ameiziba tako mara mbili, unafikiri nyama yake ilikwenda wapi?

Sharti la pili ni la jamii, na ndilo lililonifanya niandike. Kumbukeni chungu kilivyoachwa cheusi kwa nje. Sufuria ya aluminiamu ikatakiwa ing'ae ndani NA nje. Juu ya moto wa kuni! Kuni zile zile, masizi yale yale, lakini sasa masizi yamekuwa aibu. Wasichana wengi tuliolelewa vijijini tunaijua hiyo: sufuria zimeanikwa kichanjani zinang'aa kama kioo, na mpita njia anapima tabia ya binti wa nyumba hiyo kwa mng'ao wa tako la sufuria. Kaka zetu wakati huo wako uwanjani au wanafanya homuweki. Binti anasugua kwa mchanga na majivu mpaka kucha zinaisha.

Mwanahistoria wa Marekani Ruth Schwartz Cowan aliandika kitabu mwaka 1983, More Work for Mother, akionyesha kwamba vifaa vipya vya nyumbani havikuwapunguzia akina mama kazi kama ilivyotangazwa, kwa sababu kila kifaa kilipandisha kiwango cha usafi kinachodaiwa. Alikuwa anazungumzia majiko na mashine za kufulia za kwao. Mimi nikawaza kichanja chetu. Metali mpya, kipimo kipya, mikono ile ile.

Ingawa pia mama zetu hawakukaa tu. Kuna ule ujanja wa kupaka udongo, majivu mabichi au sabuni kwa nje kabla ya kubandika sufuria motoni. Masizi yanashika kwenye ule mpako, ukisuuza yanaondoka nao. Huo ni uvumbuzi kabisa, tofauti tu ni kwamba aliyeuvumbua hakwenda kuomba hataza kwa George Washington.

HAYA, SASA UFANYE NINI NA SUFURIA YAKO

Sitaki mniambie nimewapigia historia tu na ukoko uko pale pale.

Kama ni aluminiamu: mimina maji yafunike ukoko, chemsha dakika kama kumi, acha yapoe, kwangua na mwiko wa mti. Weusi uliobaki ni wa shule ya ndimu. Weka maji na ndimu zilizokamuliwa, au siki, au maganda ya ndimu tu, chemsha tena. Inarudi nyeupe. Magadi usiyalaze humo.

Kama ni chuma kisichoshika kutu (stenlesi), au zile za enameli: hapa ndipo bikaboneti inapotawala. Maji, vijiko viwili vitatu, chemsha, acha ilale. Asubuhi ukoko unabanduka wenyewe.

Kama ni zile zisizoshika chakula, maji ya moto na sabuni basi. Roy Plunkett aligundua Teflon mwaka 1938 na Wafaransa wa Tefal wakaanza kuuza vikaango vyake mwaka 1956. Stiliwaya humo ni mwiko, unabandua kile ulichokilipia.

Kama ni chungu: loweka, chemsha, kwangua taratibu. Sabuni usiizidishe, kinainywa, utakula pilau yenye harufu ya kufulia.

Mambo mawili ya kuacha. Kwanza, kuchanganya siki na bikaboneti kwa pamoja. Ile povu inafurahisha macho na inasaidia kidogo kukoroga, lakini moja ni asidi na nyingine ni alkali, zinauana, unabaki na maji ya chumvichumvi. Tumia moja, suuza, ndipo uje na nyingine. Pili, na hili si utani: usichanganye jiki na siki wala ndimu. Inatoka gesi ya klorini, ile ile iliyotumika vitani Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Chumba cha hosteli kina dirisha moja. Tafadhali sana.

KWA WALIMU WENZANGU

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akidai shule isimtenge mtoto na maisha ya kwao. Tunaijadili kila semina, tunaijibia mitihani. Halafu tunakwenda mazoezi ya kufundisha, tunakuta shule haina maabara, tunaandika ubaoni "alkali ni nini", watoto wananakili. Wakati nusu ya darasa asubuhi hiyo imesugua vyombo kwa majivu! Wabebe majivu kwenye gazeti, ndimu mbili, na juisi ya choya. Choya ikikutana na ndimu inakoza wekundu. Ikikutana na maji ya majivu inageuka kuelekea kijani. Maabara hiyo, gharama yake shilingi ngapi?

Na wa Historia tusijifiche. Mapinduzi ya Viwanda tunafundisha kwa mvuke, makaa ya mawe na chuma, majina ya wanaume yamepangwa mstari. Majivu hayamo, sabuni haimo, jiko halimo, na kwa hiyo binti aliyekaa dawati la nyuma akiwa na vidole vilivyochubuka haoni popote kwamba anachokijua ni maarifa. Anaona ni kazi tu, tena ya kwake peke yake. Mvulana naye haoni kwa nini imhusu. Mwalimu akimwambia huyo binti kwamba herufi K kwenye jedwali ni majivu anayoyatumia yeye kila siku, na akampa yule mvulana sufuria na dodoki wafanye jaribio pamoja, amefundisha masomo matatu kwa kipindi kimoja.

Kwa hiyo mabwana wa ghorofa ya pili, mnaopika pamoja na akina dada halafu ikiungua mnakumbuka mna kundi la majadiliano: ndimu ziko kwa mama wa genge, mia mia. Maelekezo ninyi mnayo sasa.

Nawasilisha. Mitihani njema, na mkibandika, msisahau moto.